Mwaka Tuliomfundisha Bwana Afya

Mwezi uliopita, Mbulu mjini, baada ya ubatizo wa mjukuu wake, binamu yangu Paskali alinivuta kando sahani ya pilau ikiwa mkononi. Akaangalia huku na huku kama mtu mwenye siri ya ukoo, akaninong'oneza, "Yasinta, hivi yule paka wa mama ulimfundishaje choo?" Nilicheka mpaka soda ikanitoka puani. Paskali huyu! Mtu ambaye zamani hakutaka kusikia hata jina la paka! Siku hizi amejenga nyumba ya vigae na kununua makochi ambayo bado yamevaa nailoni zake za dukani, na mjukuu mwingine, wa kike, amemletea kitoto cha paka ambacho kimechagua nyuma ya kochi kubwa kuwa choo chake. "Mama watoto amesema nichague, yeye au paka," akasema, na sikujua kama anatania. Nikamwambia amuwekee mchanga, asimpige, wala asithubutu kumuwekea majivu. Paskali akaacha kutafuna. "Majivu," akasema taratibu, na nikaona usoni mwake kwamba yote yamemrudia. Tulikaa pale tukicheka kama wehu, wazee wawili, watu wakitushangaa. Usiku ule nililala nikimfikiria marehemu shangazi Fausta, mama yake Paskali, na mwaka mmoja niliokaa naye Dongobesh. Nimeona niuandike sasa, kwa maana kumbukumbu zangu zimeanza kunitoroka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka na mimi nilipata sifuri, sifuri safi kabisa. Wakati huo huo shangazi alikuwa ameteleza kwenye tope la mwezi wa nne akavunjika nyonga. Alilazwa wiki nyingi, mguu ukivutwa kwa mawe, kisha akarudishwa nyumbani na magongo mawili na maagizo ya kutembea kila siku. Mke wa Paskali alikuwa mwalimu kule Dirma, alikuja likizo tu. Basi nani wa kumuuguza mzee? Aliyefeli. Hakuna aliyeniuliza, na kusema kweli nilifurahi kuondoka mahali ambapo kila mtu alikuwa akinipa pole kwa sauti ya msibani. Nilipofika nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akageukia ukutani. Magongo yalikuwa yananing'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake, mapya, hayajagusa udongo. Siku chache kabla sijafika alijaribu kusimama akaanguka tena, pale pale kando ya kitanda, na tangu hapo alisema hatasimama. "Nitakufa nimelala," aliniambia siku ya pili, kwa utulivu kabisa, kama anayesema kesho tutapika kande.

Walikuwa wamemhamishia kwenye chumba kilichokuwa stoo, cha kwanza ukitoka jikoni, kwa sababu hakikuwa na kizingiti na kilipata joto la moto. Nikifumba macho hata leo nakinusa. Magunia ya mahindi yalipangwa ukutani, mashada ya vitunguu saumu yalining'inia kwenye boriti, na mkabala na kitanda kilisimama kihenge kidogo cha mbegu, lile kapu kubwa la kusukwa lililokandikwa mavi ya ng'ombe, likinifika kiunoni. Humo zilikaa mbegu zake za maharage. Hizo haziuzwi wala hazipikwi, hata iwe njaa gani. Alizichagua moja moja, akazichanganya na majivu ili wadudu wasizitoboe, kisha juu akatandaza majivu matupu, kina cha vidole vinne, na kufunika kwa gunia kuukuu. Kwetu kila mama anahifadhi hivyo, sikuona ajabu yoyote. Chini ya kitanda kulikuwa na ndoo yenye mfuniko, na hiyo ndoo ndiyo iliyokuwa ikimuua shangazi yangu. Mwanamke aliyewahi kulima ekari nzima kwa mkono, sasa binti wa kaka yake anamnyanyua, anamkalisha, anamsafisha. Nilitia majivu kidogo kwenye ndoo kuzuia harufu, naye kila mara alifunika uso kwa khanga.

Nilichokuwa sijakijua ni kwamba alikuwa hanywi. Uji alikunywa vijiko viwili akasema ameshiba. Kikombe cha chai alikishika apashe mikono, maana baridi ya mwezi wa saba kule haina huruma, kisha alinirudishia kikiwa kimejaa. Midomo ilimpasuka. Nilidhani ni uzee na huzuni. Kila Jumatano alikuja kumtazama Mama Shafii, mwanamke Mwislamu mwenye duka la mchele na sabuni pale senta, mtu wa Kondoa, shoga yake wa miaka mingi. Siku moja nilikuwa nje chini ya dirisha nachambua mboga, nikamsikia shangazi akimwambia, "Nikinywa itabidi nimwite mtoto anishike. Bora kiu, dada." Mama Shafii akasema, "Fausta, utajiua." Nilikuwa najiona muuguzi hodari, kumbe mgonjwa wangu anakauka mbele ya macho yangu kwa kunionea haya.

Jumatano iliyofuata Mama Shafii alikuja na kikapu kilichofunikwa khanga. Akamwaga juu ya kitanda kitoto cha paka, kijivu, masikio makubwa kuliko kichwa. "Nimekuletea wa kulala naye. Paka wangu wa dukani amezaa watano. Huyu ni wa ndani, jamani, msimtoe nje mbwa wakamla." Nje tulikuwa na mbwa watatu wa Paskali, wakali hasa. Kitoto kikatembea juu ya blanketi, kikanusa ukuta, mto, kikombe, kwapa la shangazi, kila kitu. "Lo! Anakagua kama bwana afya," shangazi akasema, na jina likabaki hapo hapo. Jioni Paskali alirudi shambani, akasimama mlangoni na gumbuti zake, akasema, "Mama, akichafua humu ndani, anaondoka." Shangazi akamvutia paka kifuani. "Basi tutaondoka wawili," akasema. Paskali akavua kofia, akavaa tena, akaenda kukamua ng'ombe.

Nyumbani tulizungumza Kiiraqw, lakini paka shangazi alimsemesha Kiswahili. Nilipomuuliza sababu akashangaa. "Si ametoka kwa Waswahili? Utamwambia nini akuelewe?" Basi siku nzima unasikia, "Bwana Afya, karibu. Umeshakunywa? Umelala salama?" Kiswahili chenyewe kilikuwa kizito, kina milima yetu ndani yake, na paka aliinua sikio kana kwamba anaelewa. Kazi ya choo ilikuwa yangu. Nilikata dumu la mafuta kwa urefu, nikalijaza majivu ya jikoni, kwa sababu majivu tunayo kila siku, ni laini, yanaua harufu. Nilijiona nina akili sana. Yeye alichagua kona ya gunia la tatu. Mara ya kwanza nilifagia, mara ya pili nikafagia. Mara ya tatu nikakumbuka ninavyoona watu wakifanya, nikamshika shingoni nikamsugua pua palepale penye uchafu, akilia.

"Yasinta! Mwache!"

Sikuwahi kumsikia shangazi akipaza sauti. Alikuwa ameinuka kwa viwiko. "Juzi uliikuta shuka yangu imelowa, nimeificha chini ya godoro. Mbona mimi hukunisugua pua?"

"Shangazi, mimi sikusema neno."

"Hukusema. Uliguna. Nilisikia ulivyoguna."

Niliguna kweli. Nilikuwa nimesimama na paka mkononi, miguu yake midogo ikining'inia, na aibu niliyoiona siku hiyo matokeo ya mtihani hayakuifikia hata robo. Baadaye maishani nimefanya kazi ya kuuguza wazee miaka mingi, nimefundisha na wasichana wengine kazi hiyo, na jambo la kwanza ninalowaambia ni hilo: mtu anayekutegemea anasikia kila pumzi yako. Wengine wananicheka, wanasema mama huyu anafundisha kupumua. Wacheke tu.

Tukaanza upya, na safari hii shangazi ndiye aliyeongoza. Kila paka akimaliza maziwa namweka ndani ya dumu, namshika mguu wa mbele, nakwaruza naye majivu. Kinyesi kidogo nikakihamishia humo ili anuse ajue pake. Zaidi ya hapo ilikuwa ni kumwangalia, na nani alikuwa na muda wa kumwangalia paka kutwa kama si mtu aliye kitandani? "Sasa! Anazunguka! Mchukue haraka!" Naacha sufuria, nakimbia. Kuna siku ugali uliungua mara mbili. Kitanda kilikuwa kinamzuia kuona kona ya mbali, basi akawa anajiinua, kisha akawa anakaa, na wiki ya pili nikamkuta ameshusha miguu chini, ameshika ukingo wa kitanda, shingo imenyooka, anamchungulia paka. Nilirudi jikoni nikamshukuru Mungu kimyakimya, nikiogopa nikisema ataona haya alale tena.

Siku Bwana Afya alipokwenda mwenyewe, ilikuwa asubuhi, jua limeingia mlangoni. Shangazi alinishika mkono ninyamaze. Paka akaingia kwenye dumu, akachimba, akakaa na sura ya mheshimiwa, akamaliza, akafukia vizuri, akatoka akitikisa mguu mmoja mmoja. Shangazi akapiga vigelegele! Mwanamke ambaye miezi mitatu hakucheka alipiga vigelegele mpaka Paskali akaja mbio na jembe akidhani kuna nyoka. "Ameweza! Amenishinda mimi!" alisema huku akifuta machozi. Halafu akageuka kwangu. "Nipe chai. Iwe ya moto." Alikunywa vikombe viwili. Baada ya muda akaniita kwa sauti kubwa, bila kufunika uso, "Haya Yasinta, zamu yangu sasa!" Na mimi nikacheka, naye akacheka, nikamnyanyua. Tangu siku hiyo ndoo ilikuwa ndoo tu. Alianza kula pia. Viazi na maziwa mgando, kande, mboga ya mnafu, na nilikuwa namkatia nyama vipande vidogo akanifokea kwamba meno hayakuvunjika, kilichovunjika ni nyonga.

Lakini kusimama, hapana. Hapo alikuwa jiwe. Nilishusha magongo nikayaegemeza kitandani, akayasukuma. Paskali alimbembeleza, akamkasirikia, akambembeleza tena. "Ulinisikia nilivyoanguka wewe?" shangazi alimuuliza. "Mimi nimejisikia." Hospitalini walikuwa wametuonya kwamba akiendelea kukaa hivyo mguu utakakamaa na hautarudi, na miezi ilikuwa inakwenda. Mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi. Nilikuwa nikimtazama amekaa pale kitandani na paka wake, ameshiba, anacheka, na moyoni najua kwamba mvua zikija na kuondoka kabla hajakanyaga chini, chumba kile kitakuwa dunia yake yote.

Katikati ya hayo mimi nikapata cha kujivunia. Dumu la Bwana Afya likaanza kuwa safi. Siku ya kwanza nikashangaa, siku ya tatu nikafurahi, baada ya wiki nikamtangazia Mama Shafii kwamba paka wetu sasa hata dumu halihitaji. Akanikazia macho. "Anakula?" Nikasema anakula sana. "Halafu kinakwenda wapi, mwanangu?" Nikamwambia labda anaruka dirishani. Shangazi alikuwa anatazama ukuta kwa makini sana, kama ukuta umeandikwa barua. Wiki tatu nzima nilijisifu. Niliamini nimemfundisha paka hadi akavuka kiwango cha paka. Mimi mwenye sifuri!

Mvua ya kwanza ilinyesha siku mbili mfululizo. Siku ya tatu asubuhi Paskali aliingia na debe kuchukua mbegu. Nilikuwa nimepiga magoti nasokota nywele za shangazi. Akaondoa gunia, akazamisha mikono yote miwili kwenye majivu ya juu mpaka kwenye vifundo, kama wanavyofanya watu wote, kuyasukuma pembeni. Akasimama hivyo hivyo. Akatoa mkono mmoja. Akanusa. "Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu, mbegu za mama!" Ndipo nilipoelewa, na nikatamani ardhi inimeze. Kihenge kilikuwa na majivu laini, makavu, mengi kuliko ya dumu, na gunia lililolegea juu yake. Bwana Afya alikuwa amepata choo kikubwa zaidi, na kila siku alifukia kazi yake kwa adabu zote, kama tulivyomfundisha.

Paskali hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alimwokota paka kitandani, akamtia kwenye kiroba, akafunga mdomo kwa kamba, akatoka. "Namvusha mto," alisema. "Akirudi, amerudi kwa mbwa." Nilimfuata nikimsihi, kaka tafadhali, kosa ni langu, naye anafunga kiroba kwenye baiskeli na paka analia humo ndani sauti ya mtoto mchanga. Kisha nikasikia nyuma yangu, kutoka chumbani, "Yasinta, magongo." Sikuelewa. "Yasinta! Nipe hayo magongo!"

Nilikimbia nikampa. Nikataka kumshika kwapani, akanipiga kofi mkononi. Akasimama. Akayumba mbele, akayumba nyuma, jasho likamtoka juu ya mdomo, nami nimetanua mikono bila kumgusa. Akasogeza gongo moja, la pili, mguu mzima, halafu ule mbovu akauburuta. Akapita kihenge, akapita mlango, akapita jikoni penye moto. Aliposhika mlango wa nje mwanga ulimpiga, akafumba macho, maana miezi mitano hakuwa ameona uwanja wake. Mbwa walisimama wote watatu. Paskali aliinua kichwa akamwona, akaiachia baiskeli ikalalia mguu wake.

"Mama! Utaanguka!"

"Nitaanguka nikitaka. Mfungue."

"Mama, mbegu zako..."

"Nilimwona." Alikuwa anahema sana. "Wiki tatu nimelala pale namwona anapanda, anaingia, anatoka. Nilinyamaza. Nilijua ukijua utamfukuza, nikaona bora mbegu. Tumemfundisha majivu, akafuata majivu. Kosa lake liko wapi, Paskali? Niambie lilipo nimwadhibu mwenyewe."

Paskali alikuwa mtu wa miaka thelathini na tano, baba wa watoto, na alilia pale uwanjani mbele yangu bila kujificha. Sidhani alikuwa analilia mbegu. Alifungua kiroba, na Bwana Afya akachomoka kama risasi kurudi ndani. Shangazi akasema haya, sasa mnitafutie kigoda, mimi sirudi huko leo.

Alikaa uwanjani mpaka jua likapungua, akitoa amri. Maharage ya juu tuliyatupa, debe zima na zaidi. Yaliyobaki tukayapepeta, tukayaosha maji matatu, na kwa kuwa mbegu ikishalowa hairudi kihengeni, ilibidi zipandwe zote mara moja. Majirani wakaitwa. Tulipanda siku mbili, migongo ikikatika, na kila jirani aliyekuja alitaka kusimuliwa tena mwanzo. Paskali mwenyewe ndiye aliyeanza utani, akasema mwaka huu mbolea imeshatangulia. Mama Shafii alipofika Jumatano alikaa chini kwa kicheko. "Majivu! Nyie watu! Sisi dukani ni mchanga tangu siku ya kwanza." Nikachota mchanga mtoni, nikawa naongeza konzi moja kwenye dumu kila siku na kupunguza majivu, taratibu asistuke, mpaka baada ya majuma mawili ukawa mchanga mtupu. Kihenge kikapata mfuniko wa ubao na jiwe juu yake. Hayo ndiyo niliyomweleza Paskali siku ile ya ubatizo, na akayaandika kwenye simu yake.

Lakini kuna moja sikumwambia, kwa kuwa ni letu wawili, mimi na marehemu. Asubuhi moja, maharage yameshatoa majani mawili mawili, niliingia na maji ya vuguvugu kama kawaida nimshike akae kwenye ndoo. Kitanda kilikuwa kitupu, blanketi limekunjwa. Nilitoka mbio. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini, na ndani yake nikamwona mgongo wake, gongo, gongo, mguu, anaelekea choo cha nje kilicho nyuma ya zizi. Nikamwita. Hakugeuka. "Sijakuita," alisema. "Rudi ndani." Nikaendelea kumfuata kwa nyuma, mikono imetanuka, mpaka mlangoni. Akaingia. Akauvuta mlango, na nikasikia komeo likisukumwa kwa ndani.

Miezi sita nilikuwa nimejua kila kitu cha mwili wa mwanamke yule. Sasa nimefungiwa nje kwa komeo, sijui lolote. Nilikaa chini kwenye majani yenye umande nikalia kwa sauti, nikashindwa kujizuia, mpaka mlango ukafunguliwa, shangazi akatoka anarekebisha khanga yake, akanitazama kwa mshangao, akaniuliza nani amekufa.